Samaki wa Kariakoo na Kioo cha Inchi 24

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mke wangu alifungua picha za sendofu ya mdogo wake ili mama yake azitazame kwenye kompyuta badala ya kuzikodolea kwenye simu. Picha ya kwanza ikatokea. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa kijani. Mashangazi waliokuwa wakimpigia vigelegele walikuwa kijani cha kuelekea bluu, rangi ya mtu aliyeopolewa majini siku ya tatu. Keki ndiyo usiseme. Mama mkwe akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa walikula nini?"

Ugonjwa ule niliujua. Monita yetu ilikuwa ya inchi 17, ya lile umbo la zamani linalokaribia mraba, na waya wake ulitoka nao kiwandani, haung'oki upande wa nyuma. Mwisho wa waya kulikuwa na kile kichwa cha bluu cha VGA, chenye vipini kumi na tano katika safu tatu na skrubu mbili za kukazia. Mfumo huo ulitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, yaani ni mkubwa kwa shemeji yangu. Ndani yake kila rangi ya msingi inapita kwenye kipini chake: nyekundu na chake, kijani na chake, bluu na chake. Kipini cha nyekundu kikipinda, ukoo mzima wa mkeo unazama baharini.

Nikachukua kile kikoleo kidogo cha mke wangu cha kung'olea nyusi, nikakishika kipini, nikakinyoosha taratibu, kwa upendo. Kikakatika.

Wewe mwenzangu mwenye mji utanielewa: kuanzia hapo haikuwa tena kipini kilichopinda. Ilikuwa "monita aliyoivunja baba".

Nikutambulishe ukoo kwanza, maana mwanaume akikwambia amenunua monita peke yake, ujue anaishi peke yake. Mke wangu ni Bi Hesabu. Anatunza vitabu vya maduka matatu, mawili Tabata na moja Buguruni, na usiku ndio ofisi yake. Kijana wetu wa kidato cha pili anaitwa Hezi, na sababu utaiona muda si mrefu. Mdogo wake wa miaka sita ni Kidole, kwa kuwa hajapata kukiona kioo chochote, cha dirisha, cha kabati au cha simu, asikiguse katikati. Mama mkwe, Bi Pangani, alikuja kupima macho kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa saba, na macho yake, kama utakavyosikia, hayana tatizo lolote. Na yupo shemeji yangu Namjua-Mtu. Kwa miaka yote niliyomfahamu sijamtajia shida, iwe ya bati, ya pasipoti au ya mbuzi wa Idi, asinijibu, "Shem, usihangaike. Namjua mtu."

Mimi ni mtafsiri. Sitafsiri riwaya, natafsiri vijikaratasi vya dawa za mifugo. Upande mmoja wa kioo nataka ukurasa wa asili, upande wa pili wa kwangu, na kwenye inchi 17 kurasa hizo mbili zinabanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Ukichanganya mstari mmoja, ng'ombe wa watu anakunywa dozi ya mbwa. Nikaona basi, hii ajali ya kikoleo ni heri. Safari hii nitanunua kisomi.

Nikasoma wiki tatu. Nikajifunza kwamba inchi za monita hupimwa kwa mshazari, kona kwa kona, kwa hiyo namba kubwa haikwambii umbo. Nikajifunza paneli. TN ni nafuu na nyepesi kuitikia, lakini ukiinama kidogo rangi zinakugeuka. VA ina weusi mzito wa kupendeza, ila kitu kinachokimbia mahali penye giza huacha kivuli nyuma yake. IPS unaitazama kutoka pembe yoyote na rangi zinabaki zile zile, ingawa weusi wake usiku huwa kama wa masizi yaliyofutwa. OLED kila nukta inajiwashia taa yake, nzuri ajabu, lakini ukiacha kitu kimoja kimesimama hapo hapo miezi na miezi, alama yake inaweza kubaki. Mke wangu anafungua jedwali lile lile kila usiku tangu tuoane. OLED nikaiaga pale pale, kabla hata ya kuuliza bei.

Kosa langu lilikuwa kuyasema haya mezani.

"Baba," akasema Hezi, akaweka kijiko chini, "mimi naona tuchukue ya hezi 144."

Akaeleza, na lazima nikiri alieleza vizuri kuliko nilivyosoma. Monita ya hezi 60 inachora picha upya mara sitini kwa sekunde, ya 144 mara mia na arobaini na nne, kwa hiyo mpira ukipigwa kwenye gemu unauona unateleza badala ya kuruka ruka. Bibi yake akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mpira wenyewe ni wa kweli. Hapana, bibi. Akaendelea na wali wake.

Mimi nikamkumbusha Hezi jambo moja: monita huonyesha inacholetewa. Kompyuta yetu, mungu aihifadhi, ikifikisha picha thelathini kwa sekunde kwenye gemu lile la mpira inahema mpaka mfuniko wa CPU unatetemeka. Hezi mia na arobaini na nne za nini? Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akashuka kama dalali wa viwanja: "Basi hata sabini na tano."

Namjua-Mtu, aliyekuwa amepita kusalimia na kwa bahati akakuta wali, alikuwa na rai yake. Inchi 27. "Shem, 24 na 27 zimepishana inchi tatu tu. Mwanaume unabania inchi tatu?"

Ndugu yangu, inchi tatu za mshazari si inchi tatu. Kioo cha 27 kina eneo zaidi ya cha 24 kwa robo nzima. Na hapo ndipo ujanja wa wauzaji ulipo, kwa sababu zile 27 za bei ya kuvumilika nyingi ni za nukta 1920 kwa 1080, hesabu ile ile iliyomo kwenye 24. Ni mchuzi uleule ulioongezwa maji kwa kuwa wageni wameingia. Kwenye 24 unapata nukta kama 92 katika kila inchi, kwenye 27 zinashuka hadi 82 hivi, na herufi zinaanza kuota vinyweleo. Ukitaka 27 iliyokolea sawasawa, chukua ya 2560 kwa 1440, na bei yake ukiisikia utakaa chini.

Bi Hesabu hakuchangia neno. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na futikamba ya fundi cherehani. Akapima meza yetu ya kompyuta, ambayo zamani ilikuwa meza ya cherehani ya marehemu shangazi yangu. Kina chake ni sentimita 46. Akanikalisha kwenye kiti, akaninyoosha mkono mbele kama anayenipima koti, akaandika. Kisha akapima kimo cha monita mbovu: sentimita 27. Akaniuliza kimo cha ile pana ya inchi 22. Nikapiga hesabu kwa simu: 27 na ushee.

"Kwa hiyo ukininunulia 22 umeniongezea upana tu. Mistari ninayoiona kwenda chini ni ile ile."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wiki tatu za usomi, na futikamba ikanipita kwa dakika nne. Ile ya 24 ina kimo cha karibu 30. Ikakubaliwa 24, kwa bajeti ya laki mbili na nusu, ambayo kwa mpya yenye paneli ya IPS haikutosha. Ndiyo maana Namjua-Mtu, akiwa anajimiminia mchuzi, akapata nafasi ya kulitamka neno lake.

Anamjua mtu Kariakoo.

Tulikwenda Jumamosi, na hapo nieleze kwa nini tulikuwa na Bi Pangani. Alisema anataka kupita tu kununua kanga, atatungoja nje. Bi Pangani hangojei nje. Marehemu mumewe alikuwa na ngalawa, na yeye mwenyewe ameuza samaki miaka mingi. Mwanamke aliyezoea kumfunua samaki mashavu kabla ya kutaja bei hawezi kusimama mlangoni watu wakinunua.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, ngazi imejaa maboksi. Ndani kuta tatu zimepangwa monita kuukuu zilizokwisha kutumika maofisini huko ng'ambo, zote zimewashwa, na zote zinaonyesha video moja: samaki. Samaki wekundu, wa manjano, wa zambarau, wanapita kwenye matumbawe polepole kwa madaha. Hata mimi mwenye wiki tatu za elimu nilisimama mdomo wazi. Yule mtu anayejulikana na shemeji akanishika bega. "Bosi wangu, cheki rangi hiyo. Hiyo ndiyo IPS."

Bi Pangani akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu changu," akasema, "nani kampaka rangi ya kucha?"

Muuzaji akacheka. Mama hakucheka. Akasema changu anamjua akiwa hai, akiwa kwenye barafu na akiwa kwenye nazi, na katika hali zote tatu hajawahi kuwa mwekundu namna ile. Kisha akanigeukia: "Mkwe, wewe kazi yako kuvua?"

"Hapana, mama. Kuandika."

"Basi mwambie akuonyeshe maandishi."

Mwenzangu, sijasoma mahali popote ushauri uliozidi huo. Samaki wale ni kanzu ya Idi. Duka linapandisha mwanga na rangi mpaka mwisho, na kitu chochote kinachotembea tembea kwa rangi kali kitapendeza hata kwenye paneli ya hovyo. Ubovu wa monita unajificha kwenye ukurasa mweupe wenye herufi ndogo nyeusi. Muuzaji akafungua kwa kinyongo barua ya zamani ya ofisi. Nusu ya zile monita nzuri zikaumbuka papo hapo. Moja ilikuwa na manjano ya mswaki pembeni. Nyingine mwanga ulivuja kwenye kona kama mlango wa choo cha uani. Ya tatu, Bi Pangani alipoitazama akiwa amesimama ubavuni kwake, akiinama na kuinuka kama anayekagua kanga isiyopauka, ukurasa uligeuka kijivu. "Hii inapendeza kwa mtu mmoja tu," akasema, "tena akae asitikisike." Hiyo ilikuwa TN.

Mimi nilikuja na flashi yenye picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye rangi tupu nukta iliyokufa haina pa kujificha. Tulipofika kwenye ile tuliyoitaka, inchi 24, mguu wake unapanda na kushuka na kioo kinageuka kusimama wima, nikaweka nyeusi. Juu kulia kukawa na kitone kimoja cha kijani, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Muuzaji akasema ni vumbi. Bi Pangani akakikwangua kwa ukucha. Hakikutoka. Akamtazama yule kijana kwa huruma kabisa, kama mama anayemwonea mtoto wa mwenzake, na ile bei yake ya laki mbili na themanini ikaanza safari ya kurudi chini. Ilisimama laki mbili na thelathini na tano, na kanga doti moja akapunguziwa elfu tano na dada wa duka la jirani aliyekuja kutazama mnada.

Kuna jambo lilitokea hapo katikati ambalo ningelipita kimya, lakini nimekwisha kukuita mwenzangu. Muuzaji, akijaribu kunipandisha daraja, aliweka 24 yetu karibu na 27 ya 1440, ukurasa mmoja kwenye vioo vyote viwili. "Unaona tofauti, bosi?" Nikatazama kwa makini ya mtu aliyesoma wiki tatu. Nikasema kwa kweli mimi naona sawasawa. Bi Pangani, bila neno, akavua miwani yake akanivalisha, vile mtu anavyomvalisha mtoto kofia. Herufi zote mle dukani zikasimama wima. Nikasoma mpaka anuani ya chini ya barua. Nikaivua haraka, nikasema vioo vya watu wazima vinaumiza kichwa.

Njia nzima ndani ya daladala alitazama nje. Tulipofika Tabata, kabla hata boksi halijafunguliwa, akamwambia binti yake maneno matatu: "Mwanangu, mumeo haoni."

Boksi likafunguliwa. Ukoo ukazunguka meza. Nikainama nyuma ya monita na waya mkononi, na pale nikakumbuka kitu ambacho wiki tatu zote hakikunijia. Monita ilikuwa na tundu la HDMI na la DisplayPort. CPU yetu ina VGA tupu.

"Hiyo ndogo," akasema Namjua-Mtu. "Namjua..."

Akarudi baada ya saa moja na adapta ya elfu kumi na mbili. Tukachomeka. Kioo kikaandika hakuna mawimbi, kikalala. Kumbe adapta hizi zina njia ya kwenda, hazina ya kurudi. Aliyoileta inatoa HDMI kuipeleka VGA, na sisi tulihitaji inayotoa VGA kuipeleka HDMI, ile yenye mkia wa USB wa kunyonyea umeme kwa sababu ina kazi ya kubadili mawimbi ya zamani kuwa ya tarakimu. Kwa umbo zinafanana kama mapacha. Akarudi tena Kariakoo kwa bodaboda, nauli juu yangu, na jioni saa kumi na mbili na robo picha za sendofu zikafunguliwa upya. Mashangazi walikuwa weusi wazuri wa kung'aa, keki nyeupe. Bi Pangani akaziangalia zote mia na ishirini, akasema sasa anaona kwamba nyama ilikuwa kidogo. Kidole akaweka kidole kwenye keki.

Kwa siku nne niliishi kama mfalme. Kurasa zangu mbili zilikaa bega kwa bega, kuku huku, chanjo ya kuku kule. Ile nukta ya kijani nilikwisha kuizoea, nyumbani inaitwa nyota ya bibi. Siku ya tano nilikuwa na kijikaratasi kirefu cha dawa ya kupe, nikakumbuka kwamba kioo hiki kinageuka. Nikakisimamisha wima, nikarekebisha kwenye mipangilio, na waraka wote ukaniingia jichoni kwa mkupuo mmoja, toka jina la dawa mpaka tahadhari za mwisho. Nikajisikia fundi. Nikaenda kulala bila kukirudisha.

Hapo ndipo nilipopoteza kila kitu.

Bi Hesabu alikaa saa nne usiku na daftari la duka la Buguruni. Nilimsikia akikohoa kidogo, kisha kimya cha ajabu, kisha akaita jina langu kamili, lile la kwenye cheti cha ndoa. Nikaenda nikijua nimevunja kitu. Alikuwa ameegemea nyuma, mikono kifuani. Kwenye kioo kilichosimama wima jedwali lake lilishuka mistari karibu themanini bila kusogeza mausi, mwezi mzima wa mauzo kuanzia tarehe mosi hadi thelathini na moja, na chini kabisa jumla. Aliniambia kwa miaka kumi na sita hajawahi kuiona tarehe mosi na jumla kwa wakati mmoja.

"Isiguswe," akasema.

Hezi alijaribu kukata rufaa, kwa kuwa mpira ukichezwa kwenye kioo cha wima uwanja unakuwa korido. Akapewa ruhusa ya kukigeuza Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa sita, na kukirudisha mwenyewe. Kidole amepewa kitambaa, na kila jioni anafuta alama zake, akiacha nyingine mpya. Namjua-Mtu anamjua mtu mwenye 27.

Kwa hiyo ukinitafuta saa hizi utanikuta meza ya chakula, na laptop ya inchi 14 iliyoinuliwa juu ya sufuria la pilau lililogeuzwa kifudifudi ili shingo isiniume. Kurasa zangu mbili zimerudi kubanana. Lakini nazisoma, tena vizuri, kwa sababu puani nina miwani ya Bi Pangani, ambaye ameniazima mpaka nitakapokwenda kupimwa, na nimeahidi kwenda wiki ijayo tangu mwezi uliopita.

"Mkwe!" anaita kutoka sebuleni. "Saa mbili kasoro dakika tano."

Navua, nampa Kidole aipeleke, na naona kwa mbali jinsi anavyoishika, dole gumba katikati ya kioo cha kulia. Mlio wa taarifa ya habari unaanza. Mistari ya dawa ya kupe inayeyuka mbele yangu kama sabuni kwenye beseni. Naegemea kiti, nafunga mikono, nasubiri utabiri wa hali ya hewa.